Okestra inakwaruza kwaya ikifika kiitikio: ninunue kompyuta mpya?

SWALI: Fundi, mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, niko Morogoro. Kinanda changu cha Yamaha nimekiunga kwa waya wa USB kwenye laptop ya core i5, RAM GB 8, diski ya kawaida ya kuzunguka. Humo nimeweka programu ya okestra: violini, chelo, pembe. Nyumbani nikipiga taratibu inapendeza mno. Kanisani, kwaya ikifika kiitikio, sauti inakwaruza na kukatikakatika, na tena nikibonyeza naona sauti inakuja nyuma ya kidole. Naitoa kwenye tundu la hedfoni kwenda kwenye mixa. Mwenzangu ananishauri ninunue core i7. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo core i7 iache dukani kwanza. Ukinunua mashine ya bei mbaya halafu diski ikawa ileile ya kuzunguka na sauti ikapita tundu lilelile la hedfoni, utakwaruza vilevile.

Una magonjwa mawili, na dawa ya moja huzidisha jingine. Ukiongeza bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa), kukwaruza kunapungua lakini kuchelewa kunazidi. Ndiyo maana watu huhangaika na kitufe hicho kimoja mwaka mzima. Tuanze na kukwaruza.

Kwenye kiitikio mkono wa kulia unashika noti nne, wa kushoto mbili. Mguu uko kwenye pedeli, kwa hiyo kodi ya kwanza (ya muziki, si ya nyumba) bado inalia wakati ya tatu inaingia. Hapo una noti 18. Violini za namna hiyo mara nyingi zimerekodiwa kwa maikrofoni za sehemu tatu: karibu na wapigaji, katikati, na mbali ukumbini. Kama umeziacha zote wazi, ni sauti 54. Tena programu nyingi huchanganya rekodi ya upole na ya nguvu kwa wakati mmoja, ili ukipandisha gurudumu la kinanda sauti ikue bila kuruka. Zimefika 108, na pembe hujazigusa.

Sasa jiulize rekodi hizo zinakaa wapi. Tangu programu ya GigaSampler ilipotoka mwaka 1998, ujanja ni uleule: mwanzo tu wa kila noti hukaa kwenye RAM, na kilichobaki huvutwa kutoka kwenye diski wakati kidole bado kimebonyeza. Diski ya kuzunguka ina mkono unaotembea mahali hadi mahali, na safari moja hula kama milisekunde 10. Safari mia kwa sekunde, basi. Nyumbani ukipiga taratibu mkono unawahi. Kwenye kiitikio unazidiwa, kipande cha sauti kinakosa kufika, na lile pengo ndilo unalolisikia likikwaruza.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka wala mkono unaotembea. Laptop nyingi za rika hilo huipokea palepale ilipokaa ile ya zamani. Ya pili iende kwenye RAM, ifike GB 16 kama ubao unaruhusu. Wakati unajichanga, funga maikrofoni mbili ubaki na ya karibu. Kanisa lina mwangwi wake tayari, hizo za mbali zinaongeza ukungu tu. Au tumia okestra ndogo: BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio ina ukubwa wa kama MB 200 hivi, na haikuonei kwenye RAM.

Kuchelewa ni habari nyingine, na hapa nikuombe kitu kabla hujalaumu kompyuta. Fungua sauti ya piano, piga. Kama piano inaitika papo hapo na violini ndizo zinazochelewa, kompyuta haina kosa: upinde wenyewe ulirekodiwa ukianza polepole. Tafuta sauti yenye mwanzo mkali zaidi. Zile za legato, zinazounganisha noti moja na nyingine, wakati mwingine huchelewa makusudi. Zinafaa studio, ambako unaweza kuvuta noti nyuma baada ya kurekodi. Mbele ya kwaya ziache.

Piano nayo ikichelewa, tatizo ni draiva, yaani programu inayounganisha Windows na kifaa cha sauti. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB iliyo na draiva yake ya ASIO (njia ya mkato ya kupitisha sauti kwenye Windows), uichomeke moja kwa moja kwenye laptop, si kupitia kigawanyio. Weka kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ya sampuli 256: hiyo ni milisekunde 5 na kidogo, huihisi. Ukishuka hadi 128 na bado kupo shwari, vizuri. Kupigania 64 ni ushamba wa mafundi. Sauti hewani inatumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo kama spika yako ya kujisikilizia iko mita nne, umejiongezea 12 bure. Isogeze.

Upande wa Windows: siku ya ibada zima waifai, simamisha masasisho, weka umeme kwenye utendaji wa juu, na uzuie kompyuta kulaza matundu ya USB. Programu ya LatencyMon itakuonyesha draiva gani inakatiza wenzake. Nilizozipima mimi, waifai ndiyo mtuhumiwa wa kila mara. Sauti za nyimbo zote zipakie kabla ya ibada ndani ya programu ya jukwaani kama Cantabile au Gig Performer, ili kubadili wimbo kusiamshe diski.

Kisha kuna joto, ambalo halimo kwenye maelezo ya duka. Niliwahi kupiga harusi chini ya turubai, saa nane mchana, laptop imekaa juu ya kitambaa cha meza kilichoziba matundu yake ya hewa. Ikajipunguza kasi yenyewe, na violini zikaanza kukwaruza maharusi wakiwa mlangoni. Tangu siku hiyo laptop yangu hukaa juu ya stendi ya chuma, na mazoezi ya mwisho nayafanya saa nzima bila kupumzika.

Maharusi wale waliingia kwa violini za kinanda chenyewe, ambazo ni za plastiki kidogo lakini hazikatiki. Nawe fanya hivyo: toa waya wa pili kutoka kwenye kinanda hadi mixa, chagua humo sauti ya nyuzi, umwambie fundi mitambo aishushe chaneli hiyo hadi chini. Laptop ikikwama, wewe endelea kupiga, umtazame tu, naye aipandishe.