Programu Yasema Hakuna Kosa, na Kisima Kimo Baharini

SWALI: Mheshimiwa mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni karani wa kikundi cha watumiaji wa maji hapa Amu. Kwa miezi saba tumekuwa tukikusanya taarifa za visima, mabirika na majabia kutoka mjini, Shela, Matondoni, Kipungani na kisiwa cha Pate. Vijana huandika kwa simu, nami huziunganisha taarifa zao katika QGIS, programu ya kutengenezea ramani. Kabla ya mkutano wa mwisho niliendesha ukaguzi wa maumbo, na programu ikanijibu kwamba hakuna kosa hata moja. Ramani ilipotundikwa ukutani, mzee mmoja aliikaribia, akavaa miwani, akauliza ni nani aliyechimba kisima katikati ya mkondo wa Mkanda. Watu walicheka sana. Je, ipo njia ya kuifanya programu ikague vizuri zaidi, au sina budi kutazama nukta moja moja kwa macho?
Karani, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu karani. Programu haikukudanganya, uliiuliza jambo moja, nayo ikakujibu jambo hilo hilo. Ukaguzi wa uhalali wa maumbo hutazama kama poligoni, yaani umbo la eneo lililozungushiwa mpaka, imefungwa, kama mpaka wake haujikati, na kama tundu lililo ndani yake halijatoka nje. Nukta haina mengi ya kukosea: ikishakuwa na namba zake mbili ni halali, iwe imesimama uani kwa watu au katikati ya mkondo. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa taarifa za ramani, ISO 19157, hutenganisha uwiano wa kimantiki, ukamilifu, usahihi wa mahali, usahihi wa sifa na ubora wa wakati, na wewe ulipima sehemu tu ya lile la kwanza. Kwamba kisima hakichimbwi mkondoni ni ujuzi wa yule mzee, na kazi iliyo mbele yako ni kuuandika ujuzi huo kwa namna ambayo mashine inaweza kuupima.

Anza na namba zenyewe. Mji wa Amu uko karibu na latitudo -2.27 na longitudo 40.90. Kijana akisahau alama ya kutoa, kisima chake huvuka ikweta na kutua kusini ya El Wak, karibu na mpaka wa Somalia. Akizipindua namba mbili hizo, kisima huhamia Hispania, mashariki ya Madrid; na simu isipopata setilaiti, fomu ikajaza sifuri mbili, kisima huzama katika Ghuba ya Guinea. Makosa haya yanatisha kwa macho lakini ndiyo mepesi kuliko yote, kwa kuwa sharti moja tu, kwamba latitudo iwe kati ya -1.95 na -2.40 na longitudo kati ya 40.70 na 41.20, linayanasa yote matatu kabla kijana hajaondoka kisimani.

Kisima cha Mkanda ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu namba zake zinafanana na za kweli. Hapo unahitaji kanuni ya mahali: kila kisima kiwe ndani ya poligoni ya nchi kavu. Lakini poligoni hiyo ilichorwa kutoka picha gani, na ya saa ngapi? Wewe ni mtu wa pwani na unajua tofauti ya maji ya bamvua na maji mafu. Ufuo uliochorwa kutoka picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa utakula sehemu za mikoko na matope ambazo picha ya maji kupwa ingezionyesha kuwa wazi, na kisima halali kilicho ukingoni kitaonekana kimo baharini. Kwa hiyo usiweke mstari mmoja wa ndiyo na la. Nukta iliyotoka nje ya ufuo kwa chini ya mita 30 iwekewe alama ya kutazamwa. Iliyotoka zaidi ya hapo irudishwe kwa aliyeiandika.

Mjini kuna tatizo jingine. Simu ambayo uwanjani hukosea kwa mita 5 hivi hupotea zaidi kwenye vichochoro vinavyopanda kutoka Usita wa Mui, maana mawimbi ya setilaiti hugonga kuta ndefu za mawe na kuifikia simu yakiwa yamechelewa. Simu yenyewe hukadiria kosa lake kwa mita, na aghalabu makadirio hayo hutupwa fomu inapohifadhiwa. Yahifadhi katika safu yake. Yakizidi mita 10, mwandishi aweke nukta kwa mkono juu ya picha ya setilaiti na aandike kwamba ameiweka kwa mkono, ili mwakani mtu asidhani kwamba ilipimwa.

Hayo yote ni bora yafanyike wakati wa kuandika, si miezi saba baadaye. Fomu za QGIS huruhusu masharti ya aina mbili: sharti gumu, linalozuia rekodi isihifadhiwe, na sharti laini, linaloonya tu. QField, inayotumia mradi huo huo wa QGIS kwenye simu, nayo huyafuata. Ushauri wangu ni kwamba masharti magumu yawe machache mno. Niliwahi kupokea taarifa za fomu iliyolazimisha kina cha kisima kijazwe, na visima vingi mno vilikuwa na kina cha mita 1 kamili. Vijana walikuwa wamesimama juani bila kamba ya kupimia, fomu inakataa kuendelea, nao wakaipa inachotaka. Jibu la «haikupimwa» lingetufaa kuliko namba ile, ambayo hakuna ukaguzi wowote ungeishuku.

Upande wa chumvi, hakikisha kipimo cha upitishaji umeme wa maji, ambacho hupanda chumvi ikizidi, kinaandikwa pamoja na kizio chake. Maji ya bahari hufika karibu maikrosimensi 50,000 kwa sentimita, ambazo ni sawa na milisimensi 50. Ukiona kisima chenye 1.2 kando ya jirani yake mwenye 1,150, maji yao pengine ni mamoja na vifaa ndivyo viwili. Sharti laini linaloshuku kila thamani iliyo chini ya 20 litakuonyesha rekodi hizo mara moja.

Majina yasiandikwe kwa vidole. Shela na Shella zitahesabiwa kama vijiji viwili, kwa hiyo weka orodha ya kuchagua.

Kuna kosa ambalo masharti haya hayatalinasa: jabia lililoandikwa kuwa kisima. La kwanza huweka maji ya mvua, la pili hutoa maji ya ardhini, na anayehesabu kiasi kinachovutwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela atapotoka vibaya akiyachanganya. Dawa yake ni miguu. Iache kompyuta ichague rekodi 20 kwa bahati nasibu, kisha mtu ambaye hakuziandika aende akazione. Visima vilivyosahaulika navyo programu haivioni, kwa kuwa haiwezi kushuku rekodi isiyokuwapo. Chapisha ramani ya kila mtaa umpelekee yule mzee mapema, kabla ya mkutano.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu zana ya kurekebisha maumbo kwa mkupuo. Ikiwa mnachora pia mpaka wa eneo la hifadhi ya maji, siku moja mtu atazipanga pembe vibaya na poligoni itajikata katikati, ifanane na kishada cha utepe. Eneo lake litahesabiwa vibaya, na pande mbili zikilingana linaweza kutoka sifuri kabisa, kwa kuwa upande mmoja huhesabiwa chanya na wa pili hasi. Zana itaikata vipande viwili halali na kukuambia imemaliza, ilhali mpaka uliokusudiwa haukuwa hata kimoja kati ya hivyo. Tunza nakala ya asili, na umbo lililorekebishwa litazamwe na aliyeupima mpaka.

SWALI: Nimepewa ramani ya viwanja ya zamani ya Malindi. Kila nikiiweka juu ya picha ya setilaiti inakaa kaskazini kwa karibu mita 300. Niisogeze kwa kipanya mpaka ilingane?
Mwanafunzi, Malindi

JIBU: Usiisogeze. Umbali huo na mwelekeo huo ni dalili kwamba namba zimepimwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, iliyotumika kwa miaka mingi katika upimaji wa Kenya, na programu inazisoma kana kwamba ni za WGS 84, datumu ya GPS. Iambie programu ukweli kwanza: ipe ramani namba ya mfumo 21037, yaani Arc 1960 kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita, kisha ndipo uibadilishe kwenda 32737, yaani kanda hiyo hiyo kwa WGS 84. Namba za UTM za Malindi huwa karibu 624,000 kwa mashariki na 9,644,000 kwa kaskazini. Ukikuta namba ndogo zaidi ya hizo, huenda ramani ni ya Cassini, mfumo mwingine wa zamani wa upimaji, pengine kwa futi, na hapo utahitaji msaada wa mpima ardhi aliyesajiliwa. Ukimaliza kubadilisha, tafuta vigingi viwili au vitatu vya mpaka ambavyo bado vimesimama, uvipime mwenyewe, utazame vimeangukia wapi. Vikiachana na ramani kwa mita chache, na vyote kwa upande mmoja, jaribu vigezo vingine vya kubadilisha datumu. Vikiachana kila kimoja kwa upande wake, basi kasoro iko kwenye ramani yenyewe au kwenye kuichora upya.