Fundi Anajibu: BMC yangu imerudi mwaka 1970, na mimi nimejifungia nje

SWALI: Fundi, shikamoo. Nasimamia seva sita zilizo mbali nami. Mfumo endeshi ukigoma, BMC (kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva ya kuisimamia kwa mbali) ndiyo mlango wangu wa pekee. Juzi umeme ulikatika. Uliporudi, ukurasa wa BMC ya seva moja ukawa unaonyesha 1 Januari 1970, na kivinjari kikalalamika kwamba cheti cha usalama cha ukurasa kimekwisha muda. Nikasema nimalize yote kwa mkupuo mmoja: nikahamisha usimamizi kutoka poti ambayo BMC inachangia na seva kwenda poti yake maalumu, nikahifadhi. Ukurasa ukaganda, na tangu hapo siioni tena. Seva yenyewe inafanya kazi kama kawaida. Je, ni lazima nifunge safari?
– Aliyejifungia Nje

JIBU: Marahaba, na pole. Usifunge safari bado. Kama SSH ya seva (njia ya kuingia kwa mbali na kuandika amri) inaitika, uko ndani ya nyumba. Umepoteza ufunguo wa mlango wa nyuma tu.

BMC ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, lakini mfumo endeshi unaweza kuongea nayo bila kupitia mtandao. Ingia kwa SSH, hakikisha moduli za ipmi_si na ipmi_devintf (za IPMI, lugha ya kuongea na BMC) zimepakiwa, kisha andika: ipmitool lan print 1. Utaona anwani ya IP, geti (njia ya kutokea mtandaoni) na namba ya VLAN (kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi). Nadhani hapo utakuta kila kitu kiko sawa, kwa sababu kosa lako haliko kwenye namba. Uliiambia BMC itumie tundu ambalo pengine halina kebo. Neno poti linatuponza: kuna poti ya kuchomeka kebo na kuna poti ya namba kama 443, ya ukurasa wa wavuti, na menyu nyingi huziweka kurasa jirani.

Kurudisha uchaguzi wa poti hutegemea mtengenezaji. Kwenye Dell, ambako BMC huitwa iDRAC, ni racadm set iDRAC.NIC.Selection LOM1 (LOM1 ni poti ya kwanza ya seva), ukiitoa ndani ya seva yenyewe. Kwa wengine tafuta zana yao. Amri za kawaida za ipmitool hazifiki hapo. Na kama kebo ipo lakini bado kimya, tazama VLAN: BMC ikituma pakiti zenye alama ya VLAN kwenye poti ya swichi isiyoitarajia, hutasikia hata mkwaruzo. Amri ya kuiondoa ni ipmitool lan set 1 vlan id off.

Sasa saa. Kivinjari hupima cheti kwa saa ya kompyuta yako, si ya BMC. Kwa hiyo 1970 peke yake isingekiua cheti kizuri. Fungua tarehe za cheti chenyewe. Nashuku BMC ilijitengenezea kipya ilipoamka bila saa: cheti kilichozaliwa 1970 na kupewa miaka kumi kilikufa 1980. Ndiyo maana mpangilio ni saa kwanza, cheti baadaye. Ukigeuza, utazalisha maiti mwingine.

Saa irekebishwe kwa NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao), na hapa wengi hukwama. Wanaandika pool.ntp.org, wanahifadhi, wanaondoka. Mtandao wa usimamizi uliotengwa vizuri hauna njia ya kwenda intaneti, mara nyingi hauna hata DNS ya kugeuza majina kuwa anwani, kwa hiyo jina lile halifiki popote na BMC hailalamiki kwa sauti. Weka anwani ya IP ya seva ya NTP iliyo ndani kwako, na ruhusu UDP 123 kati yao. Ukilazimika kuweka kwa mkono, ipmitool sel time set hutaka mwezi kwanza, kisha siku: 03/09/2025 kwake ni tarehe 9 Machi.

Ukanda wa saa? Mimi huweka UTC (saa ya kimataifa) kote, seva na BMC, bila mjadala. Niliwahi kukesha nikitafuta kwa nini feni ilikufa saa nane na dakika kumi usiku, na seva ikazimika saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Saa tatu nzima inapumua bila feni? Haikupumua. BMC ilikuwa kwenye UTC, mfumo endeshi kwenye UTC+3, na lilikuwa tukio lile lile moja. Muhuri wa muda wa IPMI haubebi ukanda ndani yake, hivyo hakuna kitakachokuamsha. Na menyu ikikupa Etc/GMT-3, jua ishara imegeuzwa: hiyo ni saa tatu mbele ya UTC, si nyuma.

Kuna chaguo la tatu la poti utaliona kwenye menyu, la kuhama lenyewe: poti maalumu ikikosa kebo, BMC inahamia ya seva. Silipendi kabisa. Kwenye mashine niliyoitunza mtu alichomoa kebo moja, BMC ikahamia upande wa mtandao wa umma, ikapokea anwani kwa DHCP (huduma ya kugawa anwani), ikakaa huko ikijibu UDP 623, poti ya IPMI. Itifaki ya IPMI 2.0 ina kasoro ya maumbile: anayeuliza kwa jina sahihi la mtumiaji hupewa heshi ya nywila (alama iliyokokotolewa kutoka kwenye nywila) kabla hajathibitishwa, akaende kuivunja kwake kwa nafasi yake. Kuhamisha ukurasa kutoka 443 kwenda namba ya ajabu hakusaidii. Zima IPMI ya mtandaoni kama huitumii, na ukurasa ufikike kwa VPN tu.

Siku utakayohamia poti maalumu kwa dhati, thibitisha kwanza na mtu aliye pale kwamba kebo imo na taa inawaka. Kisha, kabla ya kubonyeza, ingia kwenye mfumo endeshi uache amri ya kurudisha poti ya zamani ikisubiri kwa programu ya at, dakika kumi mbele. Ukifanikiwa kuingia upande mpya, ifute kwa atrm. Usipofanikiwa, kaa tu usubiri.