Kuonja chai na mama mwenye kisukari Unguja

Dada, umesema unakwenda Unguja siku tatu na mama, anataka kuonja kila kinywaji ila ana kisukari. Usimnyime, mpangie tu.

Asubuhi mpeleke mashamba ya viungo Kizimbani. Pale atafikicha jani la mchaichai mwenyewe, anuse, kisha aletewe chai ya mdalasini, iliki na karafuu. Waambie mapema "bila sukari", maana mara nyingi huwa imeshatiwa jikoni. Mimi nilichelewa kusema. Mama yangu akamaliza kikombe chote huku akinitazama kwa ushindi.

Alasiri mketi Jaws Corner, kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe. Kahawa chungu inamiminwa kutoka dele lililo juu ya makaa, kikombe chenyewe mafunda matatu kimekwisha. Haina sukari. Utamu uko kwenye kashata, basi gawaneni kipande kimoja. Usiku kahawa asiiguse, hatalala, na wewe hutalala.

Juisi ya miwa ya bustani ya Forodhani, hata ikikamuliwa na ndimu na tangawizi, ni sukari tupu. Agiza glasi moja, iwe yako, yeye aonje funda mbili. Kipimo chake cha sukari kikae mkobani, si hotelini.