Maswali Yenu: Mycket au Många? Vipimo na Idadi kwa Kiswidi

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Uswidi, na karibu wote wanalia na kitu kimoja, kusema kiasi cha kitu (mycket na många zote mbili kwetu ni "-ingi"). Bei, maziwa, watu kwenye basi, unga wa maandazi. Nimechagua barua ambazo naona zitasaidia wengi.

Shikamoo mwalimu. Nasoma SFI, yale masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, hapa Göteborg na kila siku nasahihishwa. Nikisema mycket människor naambiwa sio, nikisema många mjölk (maziwa) naambiwa sio, halafu kwenye basi nasikia Waswidi wenyewe wanasema mycket folk! Kwa Kiingereza naandika tu "a lot of" na mambo yanaenda. Naomba unisaidie, na hiyo "more" nayo, maana naona mer na fler zote zipo.

Marahaba mwanangu. Wala hujasikia vibaya kwenye basi. Människor ni watu unaoweza kuwahesabu mmoja mmoja, kwa hiyo många människor. Folk ni watu kwa ujumla wao, kundi, umati, halihesabiwi, kwa hiyo mycket folk. Watu ni wale wale ila neno ndo linaamua.

Na ukishalishika hilo mengine yanafuata. Vinavyohesabika vinachukua många, fler, flest (-ingi, zaidi, -ingi kuliko vyote): många bilar (magari mengi), fler barn (watoto zaidi). Visivyohesabika vinachukua mycket, mer, mest: mycket vatten (maji mengi), mer ris (wali zaidi). Ukipunguza ni hivo hivo, få na färre kwa vya kuhesabu, lite na mindre kwa visivyohesabika, yaani färre fel (makosa machache zaidi) lakini mindre socker (sukari kidogo zaidi). Hata ile "some" inagawanyika, några äpplen (matufaa kadhaa) lakini lite mjölk (maziwa kidogo). Na usichanganye fler na flera, fler ni "zaidi ya vile", flera ni "kadhaa", utawasikia wengine wanazichanganya ila wewe kwenye mtihani zitenganishe.

Sasa kwa nini inatusumbua? Kwa sababu "a lot of" na "more" zinafunika kila kitu, na Kiswahili nacho kina -ingi moja tu, watu wengi, maji mengi, pesa nyingi, hakuna anayekushtua. Hapo lugha zako zote mbili zimenyamaza, itabidi usimame mwenyewe ujiulize, hiki Mswidi anakihesabu au hakihesabu?

Na angalia nimesema Mswidi, sijasema Mwingereza, maana hapa ndo nataka unielewe vizuri. Kiingereza hakihesabu ushauri, hakihesabu habari, hakihesabu fanicha, lazima uweke "a piece of" mbele. Mtu akilibeba hilo neno kwa neno anaandika två bitar av råd, Mswidi anabaki anakutazama. Kiswidi kinahesabu moja kwa moja: två råd, tre nyheter, många möbler. Mkasi kwa Kiingereza ni "a pair of", kwa Kiswidi ni en sax, mkasi mmoja basi. Mkate mmoja ni ett bröd. Umeona? Habari tatu, mkasi mmoja, mkate mmoja, hayo yote kwa Kiswahili ulikuwa unayasema sawa tangu mtoto, ukapotea ulipopitia Kiingereza. Pesa tu ndo ziweke pembeni, pengar lina sura ya wingi lakini husemwa mycket pengar, na kuuliza ni hur mycket pengar.

Mwalimu mimi naandika en kopp av kaffe, ett kilo av potatis, mwenzangu wa darasani anasema hiyo av niitoe. Kwani "of" inakwenda wapi?

Mwenzako yuko sahihi, itoe. En kopp kaffe, ett glas vatten, ett kilo potatis, kipimo na kitu vinakaa bega kwa bega bila kiunganishi. Hapa sikulaumu kwa Kiingereza peke yake maana na sisi tuna kikombe cha kahawa, kilo ya viazi, kwa hiyo unavutwa na pande zote mbili. Ila kumbuka unavyoongea mgahawani, si unasema tu "kahawa mbili"? Na wao två kaffe. Av inarudi pale unapokata sehemu ya kitu kinachojulikana tayari, hälften av pengarna, yaani nusu ya zile pesa tunazozijua.

Habari za kazi dada. Natafsiri taarifa fupi za jumuiya yetu kutoka Kiingereza, nimekutana na "dozens of people" nikaandika dussin människor, mhariri akaifuta. Na "a couple of days" niiwekeje?

Nzuri kaka, na hongera kwa kazi. Neno dussin lipo, ni kumi na mbili kama dazeni yetu, na dussintals pia utaielewa ukiikuta. Lakini hebu fikiria, wewe kwa Kiswahili ungesema madazeni ya watu? Ungesema makumi ya watu. Na Mswidi anasema hivo hivo, tiotals människor. Mamia ni hundratals, maelfu ni tusentals, zinaingia kabisa. Kuwa makini tu na herufi moja, ett tiotal bila s ni kama kumi hivi, tiotals ni makumi, na kwenye taarifa ya mkutano hiyo tofauti ni kubwa sana.

Siku mbili tatu ni två, tre dagar, au ett par dagar. Ett par ina kazi nyingi, ni jozi ya viatu, ni mume na mke, na ni "vichache" pia, utaijua kwa sentensi. Ukikutana na tjog ni ishirini, la kizamani kidogo, utalisikia zaidi kwenye mayai.

Mimi ni mama, nimeombwa niandike resipi ya maandazi kwa ajili ya shule ya mtoto huku Uppsala. Yangu niliitoa mtandaoni kwa Kiingereza, ina "cups". Niandike kopp?

Usiandike kopp mama, utawatesa. Kikombe cha resipi za Kimarekani ni kama desilita 2.4 (desilita moja ni mililita 100), wakati kaffekopp ya Kiswidi kwenye vitabu vya mapishi ni desilita 1.5 na tekopp ni 2.5, kwa hiyo kila atakayesoma atapata maandazi yake tofauti. Jikoni kwao wanapima kwa desilita, andika dl. Vikombe viwili vya unga viwe karibu dl 5. Kijiko cha chakula ni matsked, unaandika msk, mililita 15, kijiko cha chai ni tesked, tsk, mililita 5, na kuna kadogo kabisa kryddmått, krm, mililita 1, hako ndo ka iliki yako. Dukani vinauzwa vyote kwa seti moja vimeshikanishwa, nunua, ni bei rahisi na hutahangaika tena. Kama nyumbani unapima kwa mizani, dl 1 ya unga wa ngano ni kama gramu 60, sukari inakaribia 90. Na iliki usiipunguze kwa kuogopa watoto wa kizungu, Waswidi wanaipenda sana, wanaweka kwenye mabansi yao, wanaiita kardemumma.

Ukienda kununua nyama ya kukatwa au jibini usiombe gramu, omba hekto, hekto moja ni gramu 100. Robo kilo ni två och ett halvt hekto.

Mwalimu, mezani wakiniongezea chakula nasema nog, nog, wananiangalia tu. Na lagom ni nini hasa, kila mtu ananifafanulia tofauti.

Nog kweli ni "enough", lakini mara nyingi kwenye mazungumzo inabeba maana ya "nadhani, labda", ndo maana ikisimama peke yake mezani haieleweki haraka. Wewe nyumbani unasemaje? Unasema inatosha. Kitenzi. Na wao wana kitenzi, det räcker, tack. Umemaliza.

Lagom ni kiasi, sio kidogo sio kingi, chumvi ya kiasi, moto wa kiasi. Utaambiwa ile hadithi ya Waviking kuzungushiana pembe la pombe kila mtu anywe fungu lake, hadithi tamu lakini sio asili yake, neno limetoka kwenye lag, sheria au taratibu, yaani kwa kadiri inavyostahili.

Bosi kanipa kutafsiri ripoti, "2 billion" nimeweka 2 biljoner na "1,500" nimeiacha ilivyo. Niko sawa?

Kabla hujaituma, simama! Biljon ya Kiswidi ni trilioni yetu. Bilioni yetu ni miljard. Kwa hiyo 2 miljarder, vinginevyo umeizidisha mara elfu moja. Bajeti ya serikali ya Uswidi inazidi 1 000 miljarder kronor na magazeti huiandika hivo hivo kwa miljarder, biljon hulioni sana. Na ile koma ni desimali kwao, 1,500 mtu ataisoma moja na nusu. Elfu moja na mia tano andika 1500 au acha nafasi, 1 500. Hilo liangalie hata kwenye fomu zako binafsi, hasa sehemu ya mshahara na kodi ya nyumba.

Nataka kununua gari la mkononi, tangazo linasema 12 000 mil. Ni maili au kilomita? Mbona limetembea kidogo hivo?

Sio maili wala sio kilomita. Mil ya Kiswidi ni kilomita 10, imekuwa hivyo tangu 1889 walipohamia kabisa kwenye vipimo vya mita, ile ya zamani ilikuwa ndefu zaidi kidogo. Kwa hiyo hilo gari limetembea kilomita 120,000. Dashibodi itakuonyesha kilomita, linganisha na tangazo kabla ya kutoa hela. Na mafuta wanayataja kwa lita kwa mil, wakikwambia 0,7 liter per mil ni lita 7 kwa kilomita 100. Omba na daftari la sevisi, zile kilomita zilizoandikwa humo zipande vizuri mwaka hadi mwaka.