Namna ya Kuirudia Sehemu ya Star Trek Iliyokuvunja Moyo

Wapenzi wa Star Trek ya zamani, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu safari za angani, wanapotajiana sehemu mbovu kuliko zote, "Spock's Brain" haikosi kutajwa, na wengi huiruka kila wanapourudia msimu wa tatu. Ushauri wangu ni kwamba uirudie, ila uitazame ukijiuliza swali moja tu: ni wapi hasa hadithi hii inapoteleza? Mimi nimeirudia kwa namna hiyo, na jibu nililolipata si lile linalotolewa kwa kawaida.

Lawama nyingi huangukia kisa chenyewe. Mwanamke aitwaye Kara anatokea ghafla ndani ya chombo cha angani Enterprise, anabonyeza kitufe kwenye bangili yake, wote wanazimia, na wanapozinduka Dakta McCoy anamkuta Spock, afisa wa sayansi wa chombo hicho, amelazwa bila ubongo. Baadaye mwili huo unatembezwa kwa rimoti, na ni kweli kwamba hapo ni vigumu kujizuia kucheka. Hata hivyo, usikizime kipindi. Subiri kikao cha maafisa, ambapo nahodha Kirk, anayeutafuta ubongo huo, ana sayari tatu za kuchagua na McCoy ameshamwambia kwamba mwili wa Spock hautavuka saa 24. Katikati ya ubishi kuhusu sayari ipi ifuatwe, Uhura, afisa wa mawasiliano, ndiye anayeuliza jambo la msingi: wezi wanautakia nini ubongo wa Spock?

Jibu lake lina uzito. Chini ya ardhi wanaishi watu wa Kara, waliopoteza maarifa ya wahenga wao, na ubongo ule ndio unaowaendeshea hewa, maji na joto. Jamii inayotegemea mitambo isiyoielewa ingetosha kabisa kubeba hadithi nzima. Inapoteleza ni pale Kirk anapoamua kumrudishia Spock ubongo wake, kwa sababu uamuzi huo unauzima mji wa watu, na Kara anapolalamika kwamba watakufa, anajibiwa kwa maneno machache kwamba hawatakufa, bali watapanda juu na kujifunza kuishi na wanaume wao, ambao huishi huko kwenye baridi. Jambo zito kuliko yote linapita kama taarifa ya hali ya hewa, kisha tunarudishwa kwenye upasuaji. Hilo ndilo linalonisikitisha kila ninapoitazama.

Ili uone kilichokosekana, tangulia kutazama "The Devil in the Dark" ya mwaka 1967. Mwandishi wake ni Gene L. Coon, yuleyule aliyeandika "Spock's Brain" kwa jina la bandia la Lee Cronin, na ndiye pia aliyewaleta Waklingon, maadui mashuhuri wa Enterprise, katika mfululizo huu. Humo wachimba madini wanataka kumwua kiumbe anayewaua wenzao, hadi inapobainika kwamba ni mama anayelinda mayai yake. Na kisa hakiishi mpaka pande zote mbili zimepata njia ya kuishi pamoja, yeye na wanawe wakitoboa mwamba na wachimbaji wakichukua madini. Mwandishi huyu, basi, alilijua vyema swali la haki ya upande wa pili.

Wengi watakueleza kwamba msimu wa tatu ulipunguziwa fedha, kwamba kituo cha televisheni cha NBC kiliupeleka Ijumaa saa 4 usiku, na kwamba Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, alijiweka kando akamwachia Fred Freiberger kazi ya utayarishaji. Yote hayo ni kweli, lakini usiyakubali upesi kuwa ndiyo sababu. "Spock's Brain" ilirushwa tarehe 20 Septemba 1968, na wiki moja tu baadaye ikaja "The Enterprise Incident" ya D. C. Fontana, chini ya mtayarishaji huyohuyo. Itazame mara tu baada ya ile ya kwanza, umwangalie kamanda wa Waromulan, maadui wengine wa Enterprise, anavyozungumza na Spock: ni mwanamke mwenye madaraka, akili na jeraha lake mwenyewe, na mwandishi anampa muda wa kutosha kuumia mbele ya macho yetu, muda ambao Kara hakupewa.