Kabla Hujafunga Kamera Kwenye Helmeti

Anayetaka kuanza kupiga picha angani akiruka kwa parachuti huuliza kwanza anunue kamera gani. Swali hilo lina jibu, na tutalifikia, ila zamu yake ni ya nne au ya tano. La kwanza ni hili: ukitoka mlango wa ndege leo bila kamera, mkono wako unakijua kishikio cha kufungulia kilipo bila kupapasa? Macho yanarudi kwenye altimeta, yaani kipima kimo, bila kukumbushwa? Parachuti ikifunguka vibaya, unajua la kufanya kabla hujaanza kuogopa? Kama bado unasitasita, kamera isubiri. Mshika mawili moja humponyoka, na kwa mrukaji mwenye kamera kinachoponyoka kwanza ni kimo.

Hesabu yake ni fupi. Mwili uliolala kifudifudi hewani huanguka kwa kasi ya karibu kilomita 190 kwa saa, yaani futi 1,000 kila sekunde tano na nusu au sita. Ukitoka futi 13,000 na kufungua 5,000, una sekunde kama 50 za kazi. Sekunde sita za kuhangaika na taa ya kamera isiyowaka zimekula futi 1,000, nawe hukuziona zikienda. Ndiyo maana USPA, chama cha warukaji wa parachuti cha Marekani, kinapendekeza uwe na leseni ya C, ambayo haipatikani chini ya miruko 200, na angalau miruko 50 ya karibuni kwa parachuti ileile utakayoitumia ukiwa na kamera. Wageni wengi hudhani maneno hayo yanahusu kamera kubwa. Sivyo. Kikamera cha gramu 150 kinakunyang'anya umakini sawasawa na kamera ya kilo moja, pengine zaidi, kwa kuwa kinaonekana si kitu.

Kwa hiyo kabla ya lenzi ya pili, nunua altimeta ya sauti ya kukaa ndani ya helmeti karibu na sikio. Itegee milio mitatu: wa kuacha kazi, wa kufungua, na wa hatari. Halafu iamini nusu tu. Betri yake huisha, na upepo hufunika mlio wake. Ile ya mkononi ndiyo yenye neno la mwisho, na mahali pake ni pale jicho linapoiona bila kugeuza kichwa, maana ukigeuza kichwa picha nayo inageuka na utashawishika kutoitazama.

Sasa helmeti, na hapa tukae kidogo. Kila kitu kinachochomoza kichwani ni ndoano. Parachuti inapofunguka, kamba, kanda za mabegani na ugwe wa kile kiparachuti kidogo kinachoivuta parachuti kuu itoke vyote hupita karibu na kichwa chako kwa kasi, na kimoja kikinasa kwenye kamera utakuwa umefungwa shingo na parachuti ambayo haijafunguka. Kinachonasa mara nyingi si kamera yenyewe. Ni pengo kati ya kamera na kitako chake, kichwa cha skrubu, duara la kulengea lililosimama mbele ya jicho, kitanzi cha waya. Chukua kipande cha kamba ya parachuti iliyostaafu, kipitishe juu ya helmeti kutoka mbele, nyuma, kushoto, kulia na kwa mshazari, ukivuta kwa nguvu kila mara. Kinapokwama, ziba kwa sponji ngumu na utepe, lainisha kona, kisha rudia. Utashangaa ni sehemu ngapi zinanasa kwenye helmeti uliyoiona safi dukani.

Hata ukiziba zote, weka njia ya kuitupa. Mkanda wa kidevu uwe na kifungo kinachoachia kwa mvuto mmoja, kwa mkono wowote, ukiwa na glavu. Ukijaribu chini helmeti ikiwa imelegea kichwani, hujajaribu. Mwambie mwenzako ashike kamba iliyofungwa kwenye kitako cha kamera na aivute kwenda juu na nyuma, nawe uachie ikiwa na mzigo huo. Vifungo vingine hufanya kazi vizuri mezani na kugoma vikivutwa. Wapo wanaotegemea kitako cha kamera kitakachokatika chenyewe kamba ikinasa. Ni nyongeza nzuri, lakini hakichukui nafasi ya kuachia helmeti nzima, kwa sababu kamba haichagui pa kunasia.

Uzito nao una adabu yake. Helmeti na kamera zenye kilo 2, parachuti ikikuvuta kwa nguvu mara tano ya uzito wa kawaida, shingo inabeba kilo 10 kwa kufumba na kufumbua. Weka kamera nzito katikati ya kichwa na karibu na fuvu. Ikikaa pembeni, shingo haibebi tu, inapindwa. Wakati wa kufungua tazama upeo wa macho, kidevu usawa, mabega sawa, na utulie mpaka uwe umekaa wima chini ya parachuti. Makosa ya kila siku ni mawili: kuinua uso kutazama parachuti ikifunguka, ambapo kamera inaipeleka shingo nyuma, na kuinamisha bega moja kuendelea kumpiga picha aliye chini, ambapo kamba hujisokota. Chagua parachuti inayojulikana kufunguka polepole, na ukunje kwa uangalifu slaida, kile kitambaa kinachopunguza kasi ya kufunguka. Ile ndogo ya kukimbia sana ibaki ya siku nyingine.

Ufunguzi wa polepole unakula kimo, basi fungua juu zaidi. Mwenye leseni ya C anaruhusiwa na USPA kufungua hadi futi 2,500, na mwisho wa kuamua kama parachuti kuu inafaa ni futi 1,800. Mpiga picha anayeanza asiitumie ruhusa hiyo yote. 3,500 ni kiwango cha busara. Kumbuka kifaa kinachofungua chenyewe parachuti ya akiba, kama CYPRES ya wazoefu, hufanya kazi karibu futi 750 ukiwa bado unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Kutoka 2,500 hadi hapo, kwa mtu asiyefungua kitu, ni sekunde kama kumi tu.

Suti yenye mabawa kati ya mkono na ubavu ni chombo cha kazi, siyo pambo. Inakuwezesha kupunguza kasi na kubaki usawa na watu wanaoanguka polepole. Inaleta pia matatizo matatu. La kwanza, kitambaa hufunika vishikio vya dharura, cha kuiachia parachuti kuu na cha kufungua ya akiba. Vaa kila kitu, simama mbele ya kioo, nyoosha mikono, piga magoti, inama, na uone kama vishikio vyote viwili bado vinaonekana na kushikika. La pili, unaponyoosha mkono nyuma kutoa kiparachuti unaweza kukamata kitambaa cha bawa ukadhani ndicho. Fanya mazoezi ya njia ya mkono mara nyingi ukiwa umelala kifudifudi chini, na suti imefungwa kama utakavyoruka. La tatu, mabawa yanapanua kivuli cha upepo mgongoni, yaani ile hewa iliyovurugika ambamo kiparachuti huweza kuzubaa bila kuvuta. Kunja mabawa, kitupe kwa nguvu pembeni, na umuulize fundi wako wa parachuti kama urefu wa ugwe unatosha kwa suti hiyo. Ukishafunguka, achia mabawa kabla ya kushika vishikio vya kuongozea, la sivyo mikono haitafika chini kabisa wakati wa kuvunja mwendo ili utue.

Sasa ndiyo zamu ya kamera. Kwa picha mnato, lenzi pana isiyo na zumu inatosha na inazidi. Chukua lenzi ya milimita 15 kwenye kamera yenye kihisi cha ukubwa wa kati (APS-C), tundu f/8: ukiilenga umbali wa mita 1.4, kila kitu kuanzia sentimita 70 hadi mwisho wa macho kinaonekana kikali. Kwa hiyo zima ulengaji wa kujiendesha, ambao angani hupenda kukamata mawingu, weka pete ya kulengea ya lenzi kwenye mita 1.4 na uibandike utepe. Kasi ya shata isipungue 1/500 ya sekunde. 1/1000 ni bora jua likiwaka, kwa kuwa kichwa chako hutetemeka na upepo hata kama wewe na unayempiga mnaanguka kwa kasi moja. Anga jeupe huidanganya kamera ikatoa nyuso nyeusi. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (kipimo cha mwanga cha kamera) hadi hatua nzima.

Kitufe cha kupigia huwa mdomoni, cha kung'ata au kusukuma kwa ulimi, ili mikono ibaki huru kuruka. Waya wake uwe mfupi, ubandikwe kwenye helmeti urefu wote, na uchomoke wenyewe ukivutwa. Waya unaoshuka mkononi usiutake.

Duara la kulengea lililo mbele ya jicho halina maana mpaka lipatane na lenzi. Simama mita tatu kutoka ukutani, vaa helmeti na ufunge mkanda kama wa kuruka, weka alama ya ukutani katikati ya duara, piga, tazama picha. Alama ikiwa juu au pembeni, sogeza kitako cha kamera kidogo na urudie. Ikikubali, tia gundi ya skrubu. Ukibadilisha sponji ya ndani ya helmeti, au hata ukinyoa nywele nyingi, pima upya.

Kuhusu baridi: hewa hupoa karibu nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo kwenye mita 4,000 kuna baridi kwa nyuzi 26 kuliko ulikopandia. Betri iliyobaki nusu chini huweza kuzima juu. Mvuke kwenye kioo huja kamera ya baridi inapokutana na hewa ya joto yenye unyevu, ama unaposhuka, ama asubuhi ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Itoe nje nusu saa kabla.

Ndani ya ndege, kagua parachuti kwanza, kamera baadaye, na mtu mwingine akukagulie pini za mgongoni zinazofunga begi la parachuti. Hili si jambo la kuonekana makini tu. Mwaka 1988, North Carolina nchini Marekani, mpiga picha mwenye mamia ya miruko alitoka mlangoni kurekodi wenzake akiwa hana parachuti kabisa. Vifaa vya kamera vya wakati ule vilikuwa vizito na vilivaliwa mwilini, huenda akavidhani parachuti, akafa. Akili iliyoshughulika na kamera inaweza kusahau hata hilo.

Unaponing'inia nje kusubiri, usiuache mgongo usugue ukingo wa mlango. Kiparachuti kikichomoka hapo kinaweza kukuvuta hadi kwenye mkia wa ndege. Funga mabawa mpaka uwe umeachia ndege. Ukiyafungua mapema au ukiruka kwenda juu, upepo unakuinua kuelekea mkiani. Achia kwa kujishusha, na ujue kabla kama rubani amekubali kupunguza kasi.

Ukimpiga picha mwalimu na abiria wake wa tandemu, yaani aliyefungwa kwake wakitumia parachuti moja, nafasi yako ni mbele yao, mita mbili au tatu, jua likiwa nyuma yako. Usikae juu yao, kwa sababu iko droge, kiparachuti cha kupunguza kasi yao, na ukiingia kwenye kivuli chao cha upepo utawaangukia. Usikae chini yao, kwa sababu vifaa vyako vikifunguka kwa bahati mbaya vitapanda moja kwa moja hadi walipo. Parachuti yao inapofunguka wewe unaendelea kushuka. Geuka, tafuta hewa tupu, fungua.

Kuna mtego hapa. Mpiga picha wa tandemu huzoea kutumia ufunguzi wao kama saa yake. Siku mwalimu akichelewa, au akiwa anapambana na tatizo, saa hiyo haigongi, nawe unamfuata chini kwa sababu picha imekuwa ya kusisimua. Kimo chako kiandike kwenye kumbukumbu kabla ya kupanda ndege, na kikifika uondoke hata kama fremu ni ya ajabu. Kwa kundi la warukaji ni vilevile: mkubaliane chini nani anabaki katikati na nani anakimbilia upande gani kabla ya kufungua.

Ukiwa chini ya parachuti usijizungushe kwa kasi ili uwahi kutua na kupiga picha ya abiria akishuka, isipokuwa umehakikisha hakuna mtu chini yako wala pembeni. Na usirekodi kutua kwako mwenyewe kwa kuelekeza kichwa huku na huku. Macho yanayotafuta fremu hayapimi umbali wa ardhi.

Ukitua, toa kadi, kaza skrubu, tazama kifungo cha kidevu, kisha gusa ule utepe kwenye pete ya lenzi. Jua hukausha gundi yake, pete husogea kidogo kidogo, na nyuso za ukungu za siku nzima mara nyingi hutoka hapo. Badilisha kila asubuhi.