Kurejesha nauli pasipo risiti
Ndugu, umeuliza shirika lenu dogo la hapa Mombasa liwarejeshee vipi wanaojitolea nauli zao, ilhali matatu na tuktuk hazitoi risiti. Msiwanyime haki yao kwa kukosa karatasi. Wekeni kiwango cha juu kwa kila njia, kwa mfano Likoni hadi Ukunda, kisha msafiri ajaze fomu yenye tarehe, shughuli na kiasi alicholipa, aambatishe ujumbe wa M-Pesa ukiwapo, na mtu mwingine aidhinishe. Kwa treni ya Nairobi, tiketi inatosha. Ninalosisitiza zaidi ni masurufu: mwenye kipato kidogo asilazimike kukopa ili aitumikie jamii, kwa hiyo mpeni fedha kabla ya safari, naye atoe hesabu ndani ya siku 7 na kurudisha salio.